Maua Yafike Mkandani

Iko nchi moja, na msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zote zilikusanywa zikarekebishwe na mpaka leo hazijarudi kutoka kwa mpiga chapa. Ni nchi nzuri. Uzuri wake umeandikwa kwenye Katiba, ibara ya pili, na raia akionekana amenuna hadharani bila kibali huulizwa kulikoni. Mkuu wa nchi hiyo ana vyeo vinavyojaza ukurasa mzima, lakini watu, kwa kuokoa muda, humwita Mwenyewe.

Kwenye barabara kuu ya nchi hiyo pana mahali panapoitwa Kona ya Bomba. Miaka kumi na moja iliyopita bomba la maji la serikali lilipasuka pale, na serikali, ambayo si ya kukurupuka, ilikuwa bado inalitafakari. Maji yalitiririka mchana na usiku, na kando ya maji hayo Bi Zaina Mkwizu alikuwa na bustani yake ya miche ya maua.

Bi Zaina alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye mikono ambayo udongo haukuwahi kuitoka kabisa. Aliotesha maua kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, kwenye ndoo zilizotoboka, kwenye mifuko myeusi ya plastiki, na mche mmoja kwenye buti la marehemu mumewe. Alikuwa na mawaridi, alikuwa na asmini, na alikuwa na mengine ambayo majina yake aliyabuni mwenyewe, maana wateja hawapendi kupeleka nyumbani kitu kisicho na jina. Moja aliliita Wifi Kanuna, na hilo ndilo lililotoka sana.

Lakini roho ya bustani ile ilikuwa bogonvilia moja ya zambarau, kubwa kuliko kibanda, iliyopandwa na mumewe ndani ya pipa mwaka waliooana. Bogonvilia zote za mjini zilizaliwa na hiyo. Bi Zaina akiwa na jambo zito aliiambia, nayo haikuwahi kumkatisha maneno, jambo ambalo marehemu lilimshinda.

Basi Jumatatu moja akatokea Bwana Kilongola, Afisa Mapambo wa Wilaya, kijana mwembamba aliyevaa suti ya kijani ili ifanane na kazi yake. Mkono mmoja alishika faili, mwingine kopo la rangi nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Unataka la juani au la kivulini?"

"Nimekuja kukubomoa, mama."

Alisema kwa adabu sana, akafungua faili. Ilikuwa imetoka Sheria ya Urembo wa Barabara, na kwa mujibu wa sheria hiyo maua yanayouzwa kando ya barabara yanaharibu mandhari.

"Yanaharibuje, baba, na yenyewe ni maua?"

"Ni maua, mama, lakini hayana mpangilio. Mtu anaweza kuyapenda bila kuelekezwa."

Akachovya brashi. Akapiga alama ya X kwenye meza, kwenye benchi, kwenye pipa la bogonvilia na kwenye buti la marehemu. Rangi ilipobaki kidogo, na kwa kuwa ilikuwa mali ya umma na haikufaa kupotea, alimpiga X kuku mweupe aliyekuwa anajipitia. Kisha akampa Bi Zaina siku kumi na nne za kuondoka, akaaga vizuri, akaenda zake.

Bi Zaina alikaa kwenye benchi lenye X. Kuhama si kazi. Kazi ni maji. Mjini maji ya bomba yalitoka Jumanne, tena si kila Jumanne. Miche yake nje ya kona ile isingefika wiki mbili, na bogonvilia kwenye pipa lake isingebebeka hata na wanaume kumi. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Siku ya nane, Bwana Kilongola alirudi mbio, suti imelowa jasho.

"Shikamoo, mama. Mwenyewe anapita kesho kutwa."

Hapa msomaji mgeni anahitaji kuelezwa desturi. Katika nchi hiyo, Mwenyewe akitangaza kwamba atapita mahali, mahali hapo hupendezeshwa kwa saa arobaini na nane. Mawe hupakwa chokaa. Mbwa hupelekwa wilaya ya jirani, na wilaya ya jirani huwarudisha ikipata ugeni wake. Na kando ya barabara huchomekwa maua. Hayapandwi, maana kupanda huchukua muda. Hukatwa kwenye bustani za watu yakiwa yamechanua, yakachomekwa ardhini asubuhi, yakasimama kwa heshima mpaka msafara upite, na baada ya hapo kila ua hufuata njia yake.

"Taifa linakuomba maua," alisema Bwana Kilongola, na vijana wake walikuwa tayari wamepanda juu ya pipa na mapanga.

"Hiyo msiikate, baba. Hiyo ni mama yao wote."

"Tunachukua ncha tu zenye maua, mama."

"Zile ncha laini hazina mizizi, mwanangu. Zitanyauka hata jua halijafika utosini."

Bwana Kilongola alimtazama kwa huruma ya msomi. "Mama, Mwenyewe anapita kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa. Mizizi ataiona saa ngapi?"

Wakakata ncha zote zenye maua. Walipoona wanahitaji pia nguzo za kufungia kamba ya kuzuia wananchi, wakakata na matawi yale manene, yaliyo makavu kwa kuyatazama, yenye miiba. Waliyapogoa yakawa nguzo arobaini, wakazipaka chokaa nusu ya juu, wakazigongomea kwenye tope la Kona ya Bomba. Kwenye pipa kikabaki kisiki chenye X. Bi Zaina aligeuza uso, akajifuta machozi kwa ukingo wa kanga yake.

"Usilie, mama," Bwana Kilongola alisema. "Kisiki kinapunguza kazi ya kuhama."

Siku ya siku msafara ulikuja kwa mwendo ule ule wa kilomita themanini, mpaka gari la mbele lilipofika kwenye tope la bomba likakwama. La pili likasimama, la tatu likaligonga la pili, na la arobaini na moja likafunguka mlango. Mwenyewe akashuka. Alikanyaga ardhi, na ardhi ikapigiwa makofi.

Alikuwa mtu wa kimo cha kati mwenye fimbo nyeusi na mkanda mpana wa ngozi wenye bizimu ya nembo ya taifa. Alitembea taratibu mbele ya maua, na viongozi wote wa mkoa walikuwa wanasali kimoyomoyo asije akavuta hata moja.

"Ua ni nini?" aliuliza Mwenyewe.

Hakuna aliyejibu, maana maswali yake yalikuwa na mwenyewe.

"Ua ni jani lililosoma," alisema, na waandishi wakaandika. "Jani la kawaida limeridhika na ukijani wake. Ua limejiendeleza." Akasimama kando ya moja, akapima kwa fimbo. "Linanifika gotini. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Nataka niyakute yamefika mkandani. Nani anayatunza?"

Katika nchi hiyo, ikiulizwa nani, vidole vyote huelekea kwa mtu ambaye hayumo kwenye kikao. Bi Zaina alikuwa nyuma ya kamba na kuku wake kwapani.

"Mama, yatafika?"

Bi Zaina alifungua mdomo aseme kwamba hayana mizizi. Bwana Kilongola akamkanyaga mguu.

"Inshallah, Mtukufu," alisema Bi Zaina kwa maumivu.

"Yakifika mkandani," alisema Mwenyewe, "kona hii ni yako mpaka mwisho wa maisha yako. Yasipofika..." Hapo gari likawa limenasuliwa, akapanda, akaondoka.

Sentensi ambazo Mwenyewe hazimalizi humaliziwa na walio chini yake. Mkuu wa Mkoa aliimalizia kwa kusema Bi Zaina atafungwa. Mkuu wa Wilaya alisema atafungwa kisha ahamishwe. Bwana Kilongola, ambaye ndiye aliyeyachomeka, alisema kwa sauti ndogo, "Tumekwisha."

Kufikia alasiri maua yote yalikuwa yamelala. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba yameinamisha vichwa kwa kumuaga kiongozi. Kesho yake yalikuwa makavu, na redio ikahamia kwenye habari za michezo.

Ikaundwa Kamati ya Dharura ya Ukuaji. Ilikaa siku tisa kwenye hoteli yenye bustani nzuri, ikatoka na azimio kwamba maua ya asili yana tatizo la nidhamu. Wiki iliyofuata yakaletwa maua ya plastiki kutoka ng'ambo, ya buluu, yanayonuka viatu vipya. Yakachomekwa pale pale, na Bi Zaina akapewa ndoo.

"Ya nini ndoo, baba?"

"Kumwagilia, mama. Mara tatu kwa siku."

"Haya ni ya plastiki."

"Ndiyo maana," alisema Bwana Kilongola akitazama huku na huku. "Mpita njia akiona hayamwagiliwi, atajua ni ya plastiki."

Basi Bi Zaina akawa anayamwagilia. Alipewa pia Fomu ya Ukuaji, ambamo kila jioni aliandika hali ya kila ua. Ua namba moja, zima. Ua namba mbili, zima. Alijiona mjinga kiasi cha kuumwa kichwa, na mbele ya watu waliopita alikuwa anacheka nao ili wasipate nafasi ya kumcheka. Akimaliza alikwenda kukaa karibu na kisiki. Hakukiambia kitu.

Wiki ya sita, akiwa ameinama kumwagilia ua la plastiki namba kumi na saba, kitu kilimchoma kidole. Aliinua macho. Ile nguzo ya kamba, ile fimbo nene waliyoipaka chokaa, ilikuwa imetoa macho mawili ya chipukizi, mekundu kama ya panya.

Bi Zaina aliweka ndoo chini. Akaenda nguzo ya pili. Nayo. Ya tatu, nayo, tena na jani. Ncha laini walizochomeka kwa sherehe zilikuwa zimekufa zamani, lakini matawi magumu ambayo hakuna aliyeyatazama mara mbili yalikuwa yamekunywa tope la bomba wiki sita, yakashika mizizi kimya kimya. Kati ya nguzo arobaini, thelathini na moja zilikuwa hai. Alirudi kwenye kisiki cha mumewe, akakipigapiga begani, kama kisiki kingekuwa na bega, akacheka mpaka machozi.

Tatizo ni kwamba Bwana Kilongola naye aliona.

"Nguzo inafanya nini hii?"

"Inachipua, baba."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya Mungu, nadhani."

Bwana Kilongola alipekua faili ukurasa kwa ukurasa. "Hapa zimeandikwa nguzo. Nguzo ikichipua inakuwa ua, na idadi ya maua imeshapelekwa juu. Nikisema yameongezeka wataniuliza nilikuwa wapi. Kesho asubuhi nitaleta watu wazikwangue."

"Baba, haya ndiyo yatakayokuokoa."

"Mama, mimi sijaajiriwa kuokolewa. Nimeajiriwa kufuata orodha."

Akaondoka. Bi Zaina alibaki na alasiri moja tu. Alizunguka kona yake akiwaza, na kuku mwenye X akizunguka nyuma yake, mpaka macho yake yalipotua kwenye rundo la bendera za taifa zilizobaki kwenye ziara. Zilikuwa zimekusanywa nyuma ya kibanda, kwa sababu sheria haikuruhusu kuzitupa, wala kuzifua, wala kuzikunja bila bendi. Na kama kila mtoto wa shule ajuavyo katika nchi hiyo, bendera ikishafunikwa juu ya kitu haivuliwi ila na Mwenyewe, kwa mkono wake.

Asubuhi wenye mapanga walipofika, walikuta nguzo arobaini zimevalishwa bendera. Walipiga saluti, wakasubiri kidogo kuona kama kuna chai, wakarudi walikotoka. Bwana Kilongola aliguna sana, lakini kwa mbali. Bi Zaina alikuwa amezifunga kwa juu tu kama vijihema na kuacha wazi upande wa nyuma, upande ambao viongozi hawautazami, jua na hewa viingie. Kila wiki alipandisha vijihema kidogo, na aliyeuliza aliambiwa kwamba taifa linakua.

Maua ya plastiki, kwa upande wake, hayakukua. Zikiwa zimebaki siku nne, Kamati ilipima ikakuta bado yako gotini, na mjumbe mmoja akazimia. Hapo Bwana Kilongola akasimama. Alikuwa hajalala siku tatu na macho yalikuwa yanamng'aa.

"Waheshimiwa, tumekuwa tukilisumbua ua. Kama ua haliendi kwenye mkanda, mkanda uende kwenye ua. Tuchimbe mahali atakaposimama."

Wakampigia makofi wamesimama. Ila Afisa Itifaki akakumbusha kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa juu zaidi ya Mwenyewe. Ikabidi nao wachimbiwe, kila mmoja kwa cheo chake: Mkuu wa Mkoa shimo la kiunoni, Mkuu wa Wilaya la kifuani, na Afisa Mapambo la shingoni. Mkuu wa Wilaya alikuwa mrefu mno, kwa hiyo lake liliwekewa ngazi. Wakachimba siku tatu mfululizo, na siku ya mwisho sururu ikagonga kitu kinacholia kama chuma.

Lilikuwa lile bomba. Palipokuwa na ufa pakawa na mlango.

Asubuhi ya ziara mashimo yote yalikuwa yamejaa maji. Lakini ratiba ilikuwa imechapwa, na ilisema saa nne kamili viongozi wawe kwenye nafasi zao. Wakaingia. Mwenyewe aliposhuka garini alikuta bendi inapiga wimbo wa taifa kwa safu ya vichwa na kofia juu ya maji.

"Mbona mko majini?"

"Tunakusubiri, Mtukufu," alijibu Mkuu wa Mkoa akitetemeka meno.

Mwenyewe alilitazama shimo lake, ambalo lilikuwa limewekewa zulia jekundu na zulia lilikuwa linaelea. Hakuingia. Maua ya plastiki yalikuwa yameng'oka, yanazunguka polepole kichwa cha Bwana Kilongola. Mwenyewe akavuta moja kwa fimbo, akalisogeza puani, akaligeuza. Chini ya kikonyo palikuwa na kibandiko cha kiwanda.

"Haya yamefika wapi?"

"Yamefika shingoni, Mtukufu," alisema Bwana Kilongola, na kwa upande wake ilikuwa kweli.

Bendi iliacha kupiga bila kuambiwa. Mwenyewe akamgeukia Bi Zaina, ambaye alimbana kuku wake kwapani mpaka kuku akalia.

"Mama. Nilisema mkandani."

"Hayo si yangu, Mtukufu," alisema Bi Zaina, na sauti ilimtoka nzima. "Yangu yako pale. Bado hayajazinduliwa."

Ninyi hamjui neno hilo linavyomfanya Mwenyewe. Alikuwa amezindua madaraja, visima, ngazi, benchi la zahanati, na lango moja mara mbili, la kuingilia na la kutokea. Mkono wake ulishakwenda kwenye bendera ya kwanza kabla yeye hajaamua. Akavuta.

Bogonvilia ilikuwa imechanua yote. Zambarau ile ilimwagika mbele yake, ikapanda ikapita goti, ikafika kwenye bizimu, ikapita kidogo mpaka kifungo cha pili cha koti. Watu wakasema "aa" kwa pamoja. Mwenyewe akavuta ya pili, na ya tatu, na mwisho akawa anatembea upesi upesi akivua bendera huku amesahau fimbo. Zile nguzo tisa zilizokufa nazo alizizindua, nazo zikapigiwa makofi yale yale.

"Nilisema," alisema akihema.

"Ulisema," wakaitikia vichwa kutoka majini.

"Kuanzia leo kona hii ni ya mama huyu mpaka mwisho wa maisha yake. Futeni hizo alama." Akamtazama kuku. "Zote."

Bi Zaina alitaka kupiga magoti kwa furaha, lakini Mwenyewe alikuwa hajamaliza. Alikuwa analitazama bomba, uso umebadilika.

"Na bomba hili lililotaka kunizamishia viongozi," alisema, "naagiza litengenezwe. Mara moja."

Furaha yote ilimkauka Bi Zaina. Aliona kona ikiwa yake na ikiwa kavu. Aliona miche imelala, aliona zile nguzo thelathini na moja zimerudi kuwa nguzo, na hakukuwa na bendera ya kufunika hilo.

"Kwa hiyo," aliendelea Mwenyewe, "naunda Tume ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Bomba. Wajumbe ni hawa waliomo majini, kwa kuwa wameshaanza kazi. Watembelee nchi zenye mabomba, wajifunze, kisha waniletee taarifa ya awali."

Bi Zaina akashusha pumzi. Alikuwa na miaka hamsini na sita na afya njema, na alijua kwa hakika kwamba atazeeka na kufa kwa raha zake kabla ya taarifa ya awali.

Msafara ulipoondoka, na wajumbe wa Tume walipokuwa bado wanajadili nani atoke kwanza kwa kufuata cheo, alichukua kisu chake. Akakata kijiti kigumu kutoka nguzo namba moja, akakichomeka kwenye buti la marehemu, akakimwagilia maji ya serikali.